Kumshusha rafiki chini ya dakika 50: kisa cha kilomita 10 kupitia Daraja la Tanzanite

Tuchukue kisa ambacho kila klabu ya joging ya Dar es Salaam inakijua kwa sura. Mkimbiaji ana 51:48 za kilomita 10, anataka kushuka chini ya dakika 50, na rafiki yake mwenye mbio zaidi amekubali kumwekea mwendo. Mbio ni za Julai, njia ni ya kwenda na kurudi: inaanzia Oysterbay, inavuka Daraja la Tanzanite, inashika Barabara ya Barack Obama, inageuzia huko na kurudi ilikotoka. Kuanza ni saa 12:30 asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia, joto nyuzi 21 hivi, hewa nzito kwa unyevu. Matokeo: 49:41. Lengo lilifikiwa, ila mweka kasi alifanya kosa moja lililokaribia kuliharibu. Tutalikuta kwenye kilomita ya 6.

Karatasi ya mbio zilizopita

Mweka kasi anayeijua kazi haanzi na lengo, anaanza na mbio zilizopita. Za mkimbiaji huyu zilikuwa hivi, kilomita kwa kilomita: 4:36, 4:48, 4:58, 5:08, 5:14, 5:22, 5:30, 5:34, 5:32, 5:06. Nusu ya kwanza 24:44, ya pili 27:04, yaani tofauti ya dakika 2 na sekunde 20. Mwenye mtiririko kama huu ana pumzi na ana miguu. Kinachomwangusha ni dakika kumi za mwanzo. Itazame pia kilomita ya mwisho: kutoka 5:32 alirudi 5:06. Mtu aliyekwisha kabisa harudi hivyo. Alikuwa na akiba, lakini alikuwa ameshapandisha joto la mwili mapema mno, na kwa unyevu wa pwani joto likishapanda ni vigumu kulishusha ukiwa bado unakimbia.

Kwa hiyo kazi ilijulikana kabla hata ya kuvaa viatu: kumzuia. Rafiki wengi wanaoombwa kuweka mwendo hufikiri wameitwa kuvuta, nao huvuta tangu filimbi inapolia. Huyu angevutwa, angerudia 51:48 yake au vibaya zaidi.

Je, dakika 50 zilikuwa ndani ya uwezo wake? Siku kumi kabla, alikimbia kilomita 5 peke yake kwa nguvu zote: 23:45. Kuna kanuni ya makadirio ya Peter Riegel, mhandisi wa Kimarekani, ambayo wakimbiaji wengi huitumia: zidisha muda ulionao kwa uwiano wa umbali, uwiano huo ukiwa umepandishwa kwenye kipeo cha 1.06. Umbali ukiwa mara mbili, kizidisho ni kama 2.085. Sekunde 1,425 mara 2.085 ni 2,971, sawa na 49:31. Akiba ya sekunde 29 tu. Mazoezi nayo yalisema hivyohivyo: raundi 5 za kilomita 1 kwa 4:55, kupumzika sekunde 90 kati yake, na raundi ya tano haikuwa nzito kuliko ya kwanza. Lengo liliwezekana bila kuwa na nafasi ya kuchezea. Kama jaribio lingetoka 24:30, ushauri wa kweli ungekuwa kulenga 51 na kuacha 50 kwa siku nyingine. Rafiki anayekubali lengo lisilowezekana kwa kuona haya hamsaidii mwenzake.

Mweka kasi mwenyewe alikuwa na 44:30 za kilomita 10. Pengo la dakika tano linatosha. Kipimo kizuri ni hiki: kwenye mwendo wa mbio za mwenzako, uweze kusema sentensi nzima bila kukata. Ukiwa na 48:30 ukajitolea kumpeleka mtu 49:50, nawe utakuwa unapigania hewa yako, na utashindwa kusikia ya mwenzako.

Hesabu ya saa ya mkononi

Hapa ndipo wengi hupoteza rekodi yao binafsi wakiwa na miguu ya kuipata. Kilomita 10 kwa dakika 50 ni 5:00 kwa kilomita, watu huweka saa ya GPS kwenye mwendo wa 5:00 na kuufuata kwa uaminifu. Lakini njia iliyopimwa kwa utaratibu hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona, tena huongezwa mita 1 kwa kila mita 1,000 ili isije ikawa fupi. Mkimbiaji wa kawaida haupiti mstari huo. Anazunguka watu, anachukua kona kwa nje, anakwenda upande wa maji na kurudi. Saa yake humaliza ikisoma kilomita 10.08 au 10.12. Mbio nyingi za mitaani hata hazikupimwa kwa utaratibu huo, kwa hiyo tahadhari ni kubwa zaidi.

Kilomita 10.1 kwa 5:00 ni 50:30. Ili upate 49:40, saa lazima isome 4:55. Mweka kasi alifanya mambo mawili: alizima kipengele cha saa kinachojirekodia chenyewe muda wa kila kilomita, akawa anabonyeza mwenyewe kwenye kila bango la kilomita njiani, na aliandika muda wa jumla kwenye mkono kwa kalamu ya wino usiofutika: bango la 3 kwa 15:01, la 5 kwa 25:01, la 8 kwa 39:49, la 9 kwa 44:44, mwisho 49:34. Namba nne tano tu. Nyingi zaidi hazisomeki ukiwa na jasho machoni. Ukiona bango moja linasema jambo la ajabu, mathalani 4:31 wakati pumzi haikubadilika, bango limewekwa vibaya. Liache, subiri linalofuata.

Mpango haukuwa wa mwendo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilomita ya 1 ilipewa 5:05 kwa sababu ya msongamano. Ya 4, ile ya darajani kwenda mjini, ilipewa 5:03 kwa sababu Julai ni msimu wa kusi, na kusi pale inakupiga usoni. Nyingine kati ya 4:54 na 4:58, na ya mwisho 4:50.

Makubaliano kabla ya siku

Yalikuwa machache, na yote yalisemwa kwa mdomo jioni ya Jumamosi. Mkimbiaji hataangalia saa yake kabisa. Ataivaa kwa kumbukumbu tu. Mweka kasi hatauliza “Uko sawa?” kwa sababu kujibu kunakula pumzi, na mtu akilazimishwa kujikagua kwenye kilomita ya 7 hapati jibu zuri. Badala yake kuna ishara: kidole gumba juu maana yake endelea, kiganja kikishushwa chini maana yake punguza. Mweka kasi akiumia au akibanwa na kichomi, mwenzake anaendelea bila kugeuka. Hata neno la “unakaribia kumaliza” lilipigwa marufuku mpaka bango la 9 lipite, na hilo ni la busara: kwa aliyechoka, kilomita mbili zilizobaki si karibu.

Mweka kasi alijiandikisha na kulipia kama washiriki wengine, akavaa namba yake kifuani. Hili si suala la adabu tu. Kanuni za riadha za kimataifa zinahesabu kuwa ni msaada usioruhusiwa mtu asiye mshiriki wa mbio hizo kukuwekea mwendo. Hiyo ni mojawapo ya sababu ambazo zilifanya 1:59:40 ya marathoni ya Mkenya Eliud Kipchoge kule Vienna, Oktoba 12, 2019, isiandikwe kuwa rekodi ya dunia: waweka kasi 41 walikuwa wakiingia na kutoka kwa zamu. Aliyeanza nawe na kukimbia nawe ni halali.

Kilomita tatu za kubana

Kupasha kulikuwa dakika 10 za kukimbia polepole, kisha mbio fupi nne za mita 80 hivi za kufungua miguu. Foleni ya choo ilipangwa mapema, dakika 40 kabla. Kwenye mstari wa kuanzia hakuna vizuizi vya kupanga watu kwa mwendo, na kama kawaida waliojaa mbele ni watoto, wapiga picha na watembeaji wa kilomita 5. Wawili hawa walisimama safu kama ya nane, ukingoni kulia. Ukingoni kuna mlango wa kupitia. Katikati unafungwa kila upande.

Muda unaohesabika kwao ni wa chipu, kifaa kidogo anachovaa mkimbiaji, unaoanza ukivuka mkeka wa kuanzia, kwa hiyo sekunde za kusubiri safu ziende hazikuwa hasara. Hasara ni kuruka huku na huku ukitafuta upenyo: kila mchepuko unaongeza mita na kila mruko unakula nguvu. Mweka kasi alitangulia hatua moja, mwenzake nyuma ya bega lake, wakapita pale tu nafasi ya watu wawili ilipojitokeza. Kilomita ya 1: 5:06. Mkimbiaji aliona watu anaowajua wakimpita na akaanza kusogea mbele. Kiganja kikashuka. Akasogea tena kwenye mita 1,400, kiganja kikashuka tena, safari hii na neno moja: “Tulia.”

Kwa macho ya anayetazama kando ya barabara, hapo hakuna lililotokea. Kwa hakika hapo ndipo rekodi ilipopatikana. Sekunde 30 kati ya 4:36 ya mbio zilizopita na 5:06 ya hizi ndizo zilizolipia nusu ya pili yote. Ya 2 ikawa 4:57, ya 3 ikawa 4:56. Jumla 14:59, sekunde mbili mbele ya muda ulioandikwa mkononi.

Darajani na upepo

Daraja lina urefu wa kilomita 1.03 na lipo wazi pande zote mbili, bahari chini yake. Hapo mweka kasi alibadili nafasi. Mahali pake pa kawaida ni nusu hatua mbele na ubavuni, ili mwenzake aone njia na asikanyage visigino. Upepo ukija usoni, anahamia mbele moja kwa moja, umbali wa mita moja hivi, na kuwa ukuta. Ukija ubavuni, anakaa upande upepo unakotoka.

Faida yake inahesabika. Nguvu ya hewa inayokurudisha nyuma hukua kwa mraba wa kasi ya hewa inayokugonga. Ukienda kilomita 12 kwa saa na hewa ikiwa imetulia, unagongwa na 12. Kusi ikivuma kilomita 15 kwa saa usoni, unagongwa na 27. Gawanya 27 kwa 12, zidisha kwa yenyewe, unapata zaidi ya 5: mzigo wa hewa umekuwa mara tano. Kwenye hewa tulivu, mkimbiaji wa dakika 50 hafaidiki sana kwa kujificha mgongoni mwa mtu. Faida yake ni ya akili, kwa kuwa uamuzi wa mwendo unafanywa na mwingine. Darajani anafaidika kwa mwili.

Kosa la kawaida hapa ni kulazimisha 4:57 ileile dhidi ya upepo. Mwendo ni uleule, gharama siyo. Mpango uliruhusu 5:03 na kilomita ilitoka 5:03, pumzi ikiwa haijapanda. Ya 5, baada ya kushuka daraja na kuingia Barabara ya Barack Obama, ilitoka 4:55, kituo cha maji kikiwa ndani yake.

Kuhusu maji: mweka kasi aliongeza hatua mita 30 kabla ya meza, akachukua chupa mbili za nusu lita kutoka kwa mtoa huduma wa mwisho, wa kwanza huwa amezingirwa. Akafungua kizibo, akamwaga zaidi ya nusu ya chupa, kwa sababu chupa iliyojaa inamwagikia puani, kisha akampa mwenzake mkononi, kwenye kiganja. Mafunda mawili, yaliyobaki shingoni na kichwani. Kwa mbio zisizofika saa moja, maji ya kumwagia yana kazi kubwa kuliko ya kunywa. Kupeana maji hivi kati ya washiriki kunaruhusiwa mradi yametoka kwenye kituo rasmi. Kinachokatazwa ni mshiriki mmoja kuwa mhudumu wa mwenzake njia nzima. Mita 20 baada ya meza ni za hatari, chupa tupu zimetapakaa na zinaviringika chini ya kiatu. Macho chini hadi zipite.

Nusu ya njia: 24:57. Mkono ulisema 25:01.

Kosa la kilomita ya 6

Wakageuka. Mara upepo ukawa mgongoni, barabara tambarare, na upande wa pili wakawa wanapishana na mamia ya watu wanaokuja, wengine wakiwaita kwa majina. Muziki ulikuwa kwenye kona. Mweka kasi, ambaye miguu yake ni ya 44:30, aliona kila kitu kimekuwa chepesi na akaacha mwendo ujiendeshe. Hakubonyeza wala kutazama chochote mpaka bango la 6: 4:46. Sekunde 8 chini ya mpango.

Kwake 4:46 bado ni mazungumzo. Kwa mwenzake ni mwendo wa jaribio lake la kilomita 5, ukiwekwa katikati ya kilomita 10. Na kuna jambo la pili, la pwani hasa. Upepo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa ukiwa mgongoni, nawe unakwenda 12, hewa inayokuzunguka inakuwa kama imesimama. Jasho linatoka bila kukauka, linachuruzika tu, na mwili unaopoozwa na jasho linalokauka unabaki bila kipoozeo. Kwa hiyo alipandishiwa mwendo pale pale alipokuwa akipoteza njia ya kupoa.

Dalili zilikuwepo kwa anayesikiliza. Hadi kilomita ya 5 pumzi ya mkimbiaji ilikuwa hatua tatu za kuvuta, mbili za kutoa. Katikati ya ya 6 ikawa mbili kwa mbili, na kishindo cha viatu kikageuka: badala ya mguso mfupi, kila hatua ikawa inapiga lami. Mweka kasi alikuwa mbele hatua moja na nusu, na muziki ukafunika vyote viwili. Angekuwa ubavuni angesikia.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sekunde 8 za mkopo zililipwa kwa 17. Wakipanda tena daraja, mkimbiaji akaachwa mita tatu. Mita tatu ni kidogo kwa macho, lakini kwa anayefuata ni kamba iliyokatika: mgongo alioukabidhi uamuzi wake umeondoka, na sasa anahesabu mwenyewe. Kilomita ya 7: 5:04.

Alichofanya mweka kasi baada ya hapo kilikuwa sahihi. Hakugeuka na kupunga mkono wa kumwita, jambo linalomlazimisha aliyechoka kuongeza mwendo ili kuziba pengo. Alirudi yeye, akakaa bega kwa bega, akaukubali mwendo uliokuwepo na kuushikilia hapo. Akaacha kutaja muda wowote. Akasema “Shusha mabega,” kisha “Hatua fupi.” Mabega ya aliyechoka hupanda hadi masikioni na kifua hubana, hatua hurefuka na kisigino hutangulia mbele ya goti, na kila hatua inakuwa breki. Hatua fupi za haraka zinaondoa breki hiyo bila kudai nguvu mpya. Maelekezo hayo mawili yalitosha. La tatu lisingesikika.

Kilomita ya 8: 5:07. Jumla 39:54, sekunde 5 nyuma ya mkono. Hapo kishawishi ni kutangaza deni na kudai lilipwe mara moja. Lakini walikuwa nyuma ya mpango, si nyuma ya lengo: walibakiwa na 10:05 kwa kilomita mbili, na hizo zilihitaji 5:02 kila moja. Mweka kasi alipiga hesabu hiyo kimya na kusema tu, “Tuko ndani.” Ilikuwa kweli. Angesema hivyo uongo, asingeaminiwa tena kwa lolote.

Kilomita mbili za mwisho

Kwenye ya 9 lengo liligawanywa vipande vinavyoonekana: hadi mti ule, hadi gari jeupe, hadi lile kundi la fulana za njano. Si kwa ajili ya kumchezea akili; macho yakiwa na pa kutua, kichwa kinanyooka na njia ya hewa inafunguka. Pumzi, mwendo ukiwa umetulia, ilirudi tatu kwa mbili kwa mita mia kadhaa. Kilomita ikatoka 4:58, jumla 44:52. Zilihitajika zisizozidi 5:07 kwa ya mwisho.

Sasa tu ndipo mweka kasi alipovuta. Alitangulia nusu hatua na kuongeza kidogo kidogo, bila kuruka ghafla. Filbert Bayi, alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, Februari 2, 1974, kwa 3:32.2, aliongoza mwenyewe tangu mwanzo, na John Walker aliyekuwa akimfukuza alimaliza kwa 3:32.5, naye pia chini ya rekodi ya zamani. Mgongo ulio mbele na unaofikika una nguvu hiyo. Usiofikika hauna, ndiyo maana nusu hatua inafaa na mita tano hazifai.

Mita 300 za mwisho mweka kasi alirudi ubavuni, mita 50 za mwisho akabaki nyuma kidogo na kando, ili mkeka na picha viwe vya mwenye siku yake. Ya 10: 4:49. Nusu ya pili ilikuwa 24:44, sawasawa na nusu ya kwanza ya mbio zilizopita, ile iliyomchoma.

Kwa jaribio lijalo marekebisho ni mawili. Baada ya kona, mweka kasi akae bega kwa bega hadi bango la 7 na abonyeze saa nusu kilomita baada ya kugeuka, bila kusubiri bango. Pia kuwe na maji ya kujimwagia kabla ya kupanda daraja wakati wa kurudi, kwani kituo cha kilomita ya 5 ni mapema mno kwa joto la ya 7. Ikiwa waandaaji hawana meza hapo, chupa ndogo ya mkononi ya mkimbiaji mwenyewe, iliyobebwa tangu mwanzo, inaruhusiwa.

Saa ya mkimbiaji, ambayo hakuitazama hata mara moja, ilisoma kilomita 10.09 kwa wastani wa 4:55. Kwa umbali huohuo, 5:00 ya saa ingemfikisha 50:27.